Mtandao Upo, Ila Haupo

Kwenye kompyuta nyingi za Linux, mnyapara wa zamu ni systemd, programu iliyotoka mwaka 2010. Ndiyo huamsha huduma mashine inapowaka na kuzilaza inapozimwa. Ina kituo kiitwacho network.target. Muungwana akiiagiza programu yake isubiri hapo, hudhani mtandao utakuwa umeshapatikana. Thubutu! Kituo hicho ni kama duka lililotundika "Tumefungua" huku mwenye funguo bado yuko njiani: wahusika wa mtandao wameamshwa, basi. Kama anwani imepatikana au la, shauri yako.

Ukiutaka mtandao wenyewe, hamia foleni ya network-online.target. Huko waweza kungojeshwa sekunde 120 kwa heshima ya tundu la kebo ambalo halijawahi kuchomekwa kitu.

Ajabu ni kwamba network.target hupata maana wakati wa kuzima. Mpangilio hugeuzwa: aliyeamka wa mwisho hulala wa kwanza, kwa hiyo huduma huaga kabla mtandao haujakatwa. Ukikosea mpangilio, diski ya mbali ya NFS hubaki ikiita seva isiyofikika, nawe unakodolea macho sekunde 90 zikihesabiwa kwenye skrini, mkoba begani.

Na baada ya uhandisi wote huo, fundi wetu hufanyaje? Huandika sleep 30 kwenye skripti, akaenda kunywa chai. Msimamizi tunaye, vituo tunavyo, foleni tunazo. Dawa tuliyoiamini ni usingizi.