Fedha ya Kuchovya

Herufi E.P.N.S. hugongwa chini ya chombo, mahali ambapo mwenye mali haangalii mpaka siku ya shida. Wiki hii zimemtoa jasho mama mmoja wa Gongoni, Tabora, aliyempelekea sonara bakuli la bibi yake likiwa limeviringishwa kwenye khanga kama mtoto mchanga. Sonara aliligeuza, akasoma, akacheka, kisha akamwita mwenye duka la jirani aje acheke naye. Herufi hizo ni za Kiingereza, nazo husema kwamba chombo kimechovywa fedha kwa umeme. Kiini chake ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Fedha ni ngozi ya juu tu.

Uchovyaji wenyewe ni ufundi wa kustaajabisha. Akina Elkington wa Birmingham waliupatia hataza mwaka 1840. Bakuli huning'inizwa ndani ya pipa la maji yenye chumvi ya fedha na sianidi, sumu inayoweza kummaliza fundi kabla ya chai ya saa nne. Pembeni huning'inizwa bamba la fedha halisi. Umeme ukipita, bamba hulika polepole, na kinacholiwa huku hujipaka kule, juu ya kila ua na kila mkunjo, hadi kitu cha bei ya sufuria king'ae kama cha mfalme. Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Gongoni huisugua kwa majivu na ndimu kila mkesha wa Idi, kwa hiyo kingo na vishikio ndivyo vya kwanza kuumbuka: humo hujitokeza kijivu cha kuelekea manjano. Kikijitokeza chekundu, chombo huenda ni cha Sheffield, cha kabla ya umeme, ambapo fedha iligandishwa juu ya shaba kwa moto, ufundi wa Thomas Boulsover wa miaka ya 1740. Hicho sonara hakicheki.

Umbo nalo lina mambo yake. Bakuli la kupakulia la Kiingereza la karne ya 19 lina kifuniko kizito, na kishikio cha kifuniko hicho hakikukazwa: kimenaswa kwa ndoana ndogo ya kuzungusha. Mpishi alikizungusha kidogo, akakitoa, akapindua kifuniko na kupata sahani ya pili. Habari hizo hazikufika Gongoni pamoja na bakuli. Kwenye harusi moja liliwekwa mbele ya upande wa bwana harusi likiwa limejaa pilau. Mzee aliyepewa heshima ya kufunua alikishika kishikio, akakizungusha kidogo kutafuta mshiko, akainua. Kishikio kikaja peke yake. Alikirudisha huku akitabasamu, akakizungusha upande wa pili, akainua tena, na safari hii kifuniko kilipanda hadi usawa wa kifua ndipo kikajitoa. Pilau ikagawiwa bila upendeleo, kuanzia kanzu ya shemeji. Watu walipokuwa wakiokota nyama mkekani, kijana mmoja aliona kifuniko kimeanguka chali na kujaa chakula, akakivuta, akala humo. Katika ukumbi mzima ndiye peke yake aliyekitumia kama kilivyokusudiwa.

Chombo chenye umbo la kombe kubwa la baharini ni cha kupashia vijiko kwa maji ya moto. Gongoni kimewahi kufukiziwa udi. Kile cha vijiti vilivyosimama ni cha slesi za mkate. Kimeshika bili za maji.

Namba ndizo zenye mtego mbaya zaidi. Fedha halisi ya Ujerumani, tangu 1888, hugongwa hilali, taji na namba kama 800, yaani sehemu 800 kati ya 1000. Cha kuchovya hugongwa 90, na mwenye nacho hushangilia asilimia tisini. Hizo 90 ni gramu za fedha zilizotumika kuchovya dazeni ya vijiko na dazeni ya uma, zote kwa jumla. Uingereza, simba anayetembea ni dhamana ya sehemu 925. Wachovyaji wengi walizipanga herufi zao ndani ya vingao vidogo vinavyofuatana, sawasawa na alama za fedha halisi, na ni vigumu kuona sababu nyingine isipokuwa kumpiga chenga asiyejua kusoma alama. Bibi aliyelipokea bakuli huko Tabora, mbali na pwani, hakuwa hata na mtu wa kumuuliza. Anayechekwa dukani leo ni mjukuu wake. Aliyegonga alama alikwisha kula faida yake.

Kukosa alama, kwa upande mwingine, si ushahidi wa chochote. Masonara wa pwani waliyeyusha riale za Maria Theresa, ambazo zote huandikwa 1780 hata zilizopigwa miaka mia baadaye, na zenye fedha sehemu 833 kati ya 1000. Kazi zao nyingi hazikugongwa kitu. Sumaku haisaidii, kwa kuwa haivuti fedha wala mchanganyiko wa nikeli. Linalobaki ni jiwe jeusi la kupimia na tone la tindikali, na mkwaruzo uwe wa kina, upite ngozi. Ada ya jiwe hulipwa kabla ya majibu.