Mfumo Mkongwe, Mafundi Wachache

Programu ya mtandaoni haichakai kwa kutumika. Huzeeka kwa sababu kila kinachoizunguka hubadilika, yenyewe ikibaki pale pale. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika kwa mara ya kwanza Kerala, India, mwaka 2006, ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara kufikia 2013. Idadi ya wajawazito wa kata ya Kurui, wilayani Kisarawe, nayo huishia humo.

Wengi hudhani mfumo wa aina hii huangushwa na wadukuzi hodari. Mara nyingi huangushwa na diski iliyojaa. Seva huandika kumbukumbu ya kila inachotenda, mpaka inakosa nafasi ya kuandika kwamba imekosa nafasi. Kinachofuata ni cheti cha usalama kuisha muda. Onyo lilitumwa mapema, ila kwa mtumishi aliyekwisha hama, naye alilisoma akashukuru kwamba halimhusu. Maafa haya hupenda siku ya mwisho ya kutuma ripoti, na wala si mkosi: ndiyo siku ambayo wilaya zote huingia kwa pamoja.

Timu ya mafundi watatu wanaotunza mfumo kama huu, kikazi, ni mtu mmoja. Wa pili yuko semina Morogoro, na wa tatu ameitwa kutengeneza printa ya mkuu. Ndiyo maana kauli ya “inafanya kazi, usiiguse” hupendwa sana. Tarehe 9 Desemba 2021, Tanzania Bara ikiadhimisha miaka 60 ya uhuru, lilitangazwa tundu la usalama katika Log4j, kipande cha programu za Java cha kuandikia kumbukumbu zile zile. Waliozoea kusasisha kila toleo walibandika kiraka. Waliokuwa nyuma kwa miaka walilazimika kwanza kupanda matoleo yote waliyoyaruka, sikukuu nzima, bila pilau.

Nakala rudufu nayo haihesabiki mpaka irejeshwe kwa majaribio, tena mbali na siku ya mwisho ya kutuma ripoti. Isipofunguka, hurudiwa vitabu vya MTUHA, rejista za karatasi za zahanatini, ambavyo havijui umeme umekatika na adui wao ni mchwa tu. Mwongozo wa kuwasha upya seva uwe kwenye karatasi, maana kwa kawaida umehifadhiwa ndani ya seva hiyo hiyo iliyozimika. Hapo printa ya mkuu hupata kazi ya maana.