Kuku Ana Homa

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akiona kitu kwenye simu hapati usingizi mpaka akijaribu, na hakijaribu kwake. Ijumaa jioni alituingilia Mbagala na mfuko wa vipapatio vya kuku, debe tupu la mafuta ya kula na kipande cha wavu wa waya. "Shem, kesho mnakula kuku wa moshi, Kimarekani kabisa."

Viungo, sitamnyima haki yake, alivipatia. Vitunguu saumu na tangawizi vya kutwanga, paprika, pilipili manga, chumvi, ndimu, na sukari kidogo ya kuipa ngozi rangi. Vililala kwenye friji, na asubuhi kila aliyefungua kutafuta maziwa alisahau maziwa.

Kuni ndizo zilizotuponza. Wenye kazi hii hutumia miti ya matunda, na uani tunao mwembe wa mwenye nyumba. Shemeji akaona kuomba ni kujishusha. Akazunguka nyuma ya choo, akakata matawi mabichi ya mwarobaini. Mwarobaini! Mti ambao majani yake tunayachoma kufukuza mbu, na dawa yake ikitajwa tu, watoto wanakimbilia kwa bibi yao.

Wahenga walisema panapofuka moshi hapakosi moto. Kwetu moto ndio uliokosekana. Debe lilitoa moshi mweupe, mzito, wa kuni mbichi, ule unaochoma macho na kuacha uchungu kwenye nyama, ukaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo. Jirani aliyeanika mashuka hakufungua mdomo. Aliyaanua moja moja huku anamwangalia shemeji, na kila shuka lilikuwa tusi. Mpangaji wa chumba cha mwisho akauliza kama tuna mgonjwa anafukizwa. Mwenye nyumba akatoka na ndoo ya maji.

"Shikamoo, baba," shemeji akawahi. Mzee hakuitikia mpaka alipohakikisha paa lake lipo.

Shemeji alikuwa amesoma kwamba kuku anafaa kuliwa joto la ndani ya nyama likifika nyuzi 74. Kipimajoto cha jikoni hatuna. Akachukua cha mwanangu, kile cha kuwekwa kwapani, akakichomeka kwenye kipapatio kinene. Kikalia, kikaandika H. Vipimajoto vile huishia nyuzi arobaini na kidogo. Nani kaona mtoto wa nyuzi 74? "Kimepita kipimo, shem. Tayari hao!" Nikapasua kimoja kwa kisu: nyama mbichi, inateleza. Kuku hakuiva, alikuwa na homa. Tukamtupia paka kipande, akanusa, akaenda zake. Kipimajoto nacho kikaishia jalalani.

Hapo mama wa chumba cha mbele akashindwa kuvumilia. Yeye ni wa Mwanza, amekulia mwaloni akiona samaki wakibanikwa. "Baba, moshi hauna haraka. Pisha." Akatupa mwarobaini wote, akamtuma mtoto kwa mwenye nyumba kuomba tawi kavu la mwembe (alilitoa upesi, nadhani ili yaishe), akatoboa debe chini lipate hewa. Kisha akakaa. Hakuweka nyama hata moja mpaka moshi ulipokuwa mwembamba, unaoelekea bluu. Ndipo akapanga vile vilivyobaki kwenye friji, juu kabisa, mbali na mkaa, akafunika.

Tulipokuwa tunasubiri, shemeji akatupa historia: kwamba Marekani vipapatio vilianza kutamba mwaka 1964, katika baa moja ya mji wa Buffalo, mikononi mwa Teressa Bellissimo. Nikachungulia hiyo simu yake. Mama yule alivikaanga kwenye mafuta. Moshi haukuhusika.

Karibu saa mbili zikapita. Vilitoka na rangi ya kahawia inayong'aa, nyama inaachia mfupa, ila ngozi ilivutika kama mpira, kwa sababu moto mdogo hauikaushi. Mama wa Mwanza akavihamishia juu ya mkaa wazi, akavigeuzageuza hadi ngozi ikaanza kulia. Harufu ile sasa hakuna aliyeilalamikia. Mwenye mashuka alikuja na sahani yake mwenyewe, sahani ya pilau. Mwenye nyumba alikula, akalamba vidole, akasifu, halafu akamkumbusha mume wangu kwamba tawi la mwembe litaonekana kwenye kodi ya mwezi ujao.