Mwongozo kwa Askofu Aliyeitwa na Mfalme

Mhashamu Baba Askofu, ukipata wito wa mfalme wa Uingereza ukajibu shtaka la uhaini, usipoteze usiku ukijiuliza kama una hatia. Hilo halimsumbui mtu. Jiulize umeitwa kwa kofia ipi.

Maana unazo mbili: ya uaskofu, na ya ubwana wa ngome na mashamba aliyokupa mfalme. Mwaka 1082 William Mshindi alimkamata Odo, askofu wa Bayeux, ndugu yake wa mama mmoja. Watu wakaguna: askofu hakamatwi! Mfalme akajibu kwamba hamkamati askofu, anamkamata bwana wa Kent. Bahati mbaya wawili hao walikuwa na mwili mmoja, nao ukakaa kifungoni hadi 1087.

Vitabu navyo usivitegemee sana. William wa Saint-Calais, askofu wa Durham, aliposhtakiwa Salisbury mwaka 1088 kwa kumtupa mkono mfalme William Rufus wakati wa uasi, alifika na sheria za Kanisa kichwani. Arudishiwe mali kwanza, ndipo ajibu. Ahukumiwe kama askofu. Hata akauliza kama yeye na maaskofu wenzake hawapaswi kuvaa mavazi ya ibada. Askofu Mkuu Lanfranc akamwambia nguo walizovaa zinatosha, hazizuii ukweli. Hapo angalia vizuri, Baba: anayekuvua kofia ni askofu mwenzio. William akakata rufaa kwa Papa. Watu wa mfalme wakachukua ngome yake, wakamwacha avuke bahari kwenda Normandy. Kwa zama zile, alipona.

Tena akarudishiwa jimbo. Mwaka 1095, huko Rockingham, Askofu Mkuu Anselm alipokataa kumwacha Papa kwa ajili ya mfalme, aliyeongoza mashambulizi upande wa mfalme alikuwa nani? Huyu huyu wa Durham. Mkuki kwa nguruwe!

Mwisho, ukiwa na jeshi, usinywe na adui. Mei 1405, Shipton Moor, bwana wa Westmorland, wa upande wa mfalme, aliyasikiliza madai ya Richard Scrope, Askofu Mkuu wa York aliyeasi, akayakubali, wakanywa pamoja mbele ya watu, kisha akamshauri awaruhusu wafuasi wake warudi makwao. Walipotawanyika, akamtia mbaroni. Jaji Mkuu Gascoigne akakataa kumhukumu askofu. Mfalme Henry IV akapata wengine wasio na wasiwasi huo. Hukumu ilitolewa Bishopthorpe, katika ukumbi wa Scrope mwenyewe, akauawa siku hiyo hiyo, 8 Juni. Aliomba akatwe shingo kwa mapigo 5, kwa heshima ya majeraha 5 ya Kristo. Ombi hilo lilikubaliwa bila kesi.

Papa aliwatenga na Kanisa wote waliohusika. Uingereza tangazo hilo halikusomwa, na mwaka 1408 Papa mwingine akawasamehe.