Uhuru wa Simu na Kamati ya Harusi

Programu huria ni ile ambayo mtumiaji ana ruhusa ya kuitumia kwa shughuli yoyote, kuuchungulia msimbo wake na kuurekebisha, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia pia ile aliyoirekebisha. Ruhusa hizo nne, alizozieneza Richard Stallman, mwasisi wa mradi wa GNU wa mwaka 1983, huhesabiwa kuanzia sifuri hadi tatu. Anayeshangazwa na hesabu hiyo ajiandae, kwani safari ndiyo kwanza inaanza.

Simu ya kawaida ya Android ina uhuru wa nusunusu. Kiini chake ni Linux, na sehemu kubwa ya mfumo iko wazi kwa yeyote kuichukua. Lakini duka la Play, huduma za Google za kutambua mahali na mtambo wa kusukuma arifa ni vitu vilivyofungwa, na programu nyingi mashuhuri zimeviegemea. Huawei iliyaonja hayo mwaka 2019: baada ya vikwazo vya Marekani, Mate 30 ilitoka bila huduma hizo, na sifa zote za kamera yake hazikuweza kuliziba pengo.

Anayetaka uhuru zaidi huuondoa mfumo wa kiwandani na kuweka mwingine, kwa mfano LineageOS, uliozaliwa Desemba 2016 baada ya mtangulizi wake, CyanogenMod, kufungwa. Kwanza hufunguliwa kufuli la mtengenezaji, hatua ambayo hufuta kila kitu kilichomo. Onyo hutolewa mapema, na husomwa kwa makini baada ya picha kupotea. Faili la mfumo mpya likiwa la toleo jingine la simu, kifaa huweza kugeuka tofali. Fundi wa mtaani hukipokea, hukigeuzageuza, kisha huuliza kwa upole kama mwenyewe yuko tayari kukiuza kwa bei ya kioo.

Kazi ikifaulu, mtumiaji huingia F-Droid, ghala la programu huria lililoanza 2010. Humo mna vikokotoo vya kila aina, ramani za OpenStreetMap na vinasa sauti visivyompeleleza mtu. Haimo programu hata moja anayoitumia shangazi yake. WhatsApp hupatikana kwenye tovuti yake yenyewe, lakini bila mtambo wa Google simu inayobana chaji huweza kuilaza usingizi, na ujumbe ukachelewa. Kikao cha kamati ya harusi huitishwa saa kumi. Taarifa huingia saa mbili usiku, ikifuatana na pongezi kwa mweka hazina mpya, ambaye ndiye mwenye simu.

Mweka hazina huhitaji benki, na hapo ndipo penye shughuli. Programu nyingi za benki huuliza kwanza, kupitia huduma ya Google iitwayo Play Integrity, kama mfumo wa simu umeidhinishwa. Simu kuukuu, iliyokosa masasisho ya usalama kwa miaka kadhaa lakini ingali na mfumo wa kiwandani, huweza kupita. Ile ya LineageOS iliyosasishwa juzi hukataliwa, kwa ajili ya usalama wa mteja. Mantiki yake ni ya kibenki.

Afrika Mashariki kuna ahueni ambayo Ulaya hawana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 kwenye menyu ya laini, na Tanzania hadi leo *150*00# huitika kwenye kiswaswadu sawa na kwenye simu ya mamilioni. Hakuna programu ya kusakinisha, wala hakuna anayeuliza mfumo umeidhinishwa na nani. Mpenda uhuru asitazame kwa karibu sana, maana laini yenyewe ni kompyuta ndogo iliyofungwa kabisa, na mtambo wa redio unaoizungumzisha simu na mnara ni vivyo hivyo.

Wapo wasioitaka Android kabisa. Librem 5, iliyochangiwa fedha na umma mwaka 2017, huendeshwa na Linux bila Android juu yake, na ina swichi tatu ubavuni. Mojawapo hukata kamera na maikrofoni. Ulinzi huo ni wa kweli, hata kwa anayesahau swichi na kumsalimia mama mkwe kwa heshima zote pasipo sauti kutoka. Programu za Android huweza kuendeshwa humo kwa Waydroid, ila zile za benki huutambua ujanja huo upesi.

Katikati kuna microG, mbadala huria unaoigiza huduma za Google kiasi cha kuziridhisha programu nyingi, arifa zikiwemo. Benki zenye masharti makali bado hugoma. Ndiyo maana wengine huishia kununua simu ya pili, ya kawaida, kwa ajili ya benki tu, na kuiacha nyumbani imezimwa. Siku ya kulipa ukumbi huwashwa, na kabla ya kufungua chochote hudai masasisho, yanayolimaliza bando lote.