Sifa za Vumbi la Kioo cha Helmeti

Mvua ina waimbaji wake na jembe lina washairi wake, lakini vumbi halina hata mpambe mmoja. Mwendesha bodaboda hulilaani likitanda kwenye kioo cha helmeti, mwenye gari hulilaani likifunika taa, na wote wawili huchomoa kitambaa wakaliadhibu papo hapo. Mimi najitolea kuwa wakili wake. Hoja yangu ni moja tu: kioo cha plastiki kikichakaa, vumbi husingiziwa, na mkosaji ni mkono unaolipangusa.

Tutazame ushahidi. Kioo cha helmeti, kama vifuniko vya taa vya magari mengi ya siku hizi, kwa kawaida si kioo bali ni polikaboneti, plastiki iliyogunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa Bayer huko Ujerumani na, kivyake, Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Ushujaa wa plastiki hii ni kustahimili pigo. Kokoto inayopasua kioo cha kawaida hudunda tu ikienda zake. Ngozi yake, hata hivyo, ni laini, na ndiyo maana viwandani hupakwa utando mwembamba wa kuilinda. Vumbi likitua juu ya utando huo hukaa kwa adabu. Ni kweli limebeba chembe za mchanga zenye ugumu kuushinda hata ule wa kioo halisi, lakini chembe hizo hazina uwezo wa kujisugua. Husubiri aje mtu na kipande cha fulana kuukuu, abonyeze na kuzungusha, na hapo ndipo fulana inapogeuka msasa. Mchana mikwaruzo hiyo haionekani sana. Usiku, taa za lori linalokuja huipiga, mwanga ukatawanyika kioo kizima, na mwendeshaji asione shimo wala mtembea kwa miguu.

Mtu atauliza: je, tuliache vumbi tuendeshe kama vipofu? Hasha, na vumbi lenyewe halidai hivyo. Linachoomba ni maji kwanza. Limwagiwe maji mengi, nalo litaondoka na mchanga wake bila kinyongo. Kisha ifuate sabuni laini isiyo na chengachenga, kitambaa safi kilicholowa, suuza tena, na mwisho kukausha kwa kugusagusa bila kusugua. Wadudu waliogandia wafunikwe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika kadhaa, walainike wenyewe. Mwingine atapinga kwamba kioo cha mbele cha gari hupanguswa kikavu kila siku na hakidhuriki. Nacho hudhurika, ila polepole, kwa sababu kile ni kioo kweli. Kumpima mmoja kwa uvumilivu wa mwingine si haki.

Sasa tuwatazame wale wanaosifiwa badala ya vumbi. Petroli na tina husifiwa kwa kung'oa lami, na dawa za kusafishia madirisha zenye amonia husifiwa kwa kung'arisha. Zote zaweza kuitia plastiki nyufa ndogondogo zisizotibika. Dawa ya meno husifiwa kwa kurudisha weupe wa taa zilizogeuka njano. Hakika huzing'arisha, kwa kuwa ina chembe zinazokwangua. Lakini umanjano huo ni kazi ya jua baada ya utando kuchakaa, na anayekwangua, iwe kwa dawa ya meno au msasa, huondoa hata masalia ya utando. Asipopaka mwingine wa kuzuia miale ya jua, taa hurudia umanjano upesi. Akili nyingi huondoa maarifa: kwa kulikimbia vumbi ambalo lingeondoka kwa maji, watu wameikabidhi plastiki kwa maadui wasioondoka.

Anayeona nimelipendelea vumbi na apige hesabu mwenyewe. Deni la vumbi hulipwa kwa ndoo moja ya maji na subira kidogo. Deni la kitambaa kikavu hulipwa dukani, kwa kununua kioo kingine, na vumbi litatua juu ya hichohicho siku ya kwanza barabarani, likisubiri kuona kama mwenyewe amejifunza.