Manabii wa Desemba

Desemba ikiingia, wahakiki wa filamu wa New York wakishagawa tuzo zao, simu yangu haipumui. Ni shemeji. "Imekwisha hiyo! Oscar ya filamu bora haina tena mjadala." Nikimuuliza filamu yenyewe ameionea wapi, hucheka kwa kunihurumia. "Shemeji, kuona na kujua ni vitu viwili." Filamu haijafika Nairobi. Haijafika hata kwa yule kijana wa pale stejini anayewajazia watu flashi, ambaye kwa kawaida hupata vitu kabla wenyewe hawajavimaliza.

Hesabu zake huwa nyepesi. National Board of Review, watoa tuzo wengine wa Desemba, wametaja filamu hii, New York wametaja hii, Los Angeles nao vilevile. Basi Academy inayotoa Oscar imebakiwa na kazi gani zaidi ya kupiga muhuri? Mimi huuliza swali la kijinga: hao wahakiki wanapiga kura ya Oscar? Hawapigi. Wapigakura ni wenye kazi yao: waigizaji, waongozaji, wapiga picha, mafundi wa sauti, yaani watu walewale ambao wahakiki huwachambua mwaka mzima. Hebu niambie, wewe umeandikwa gazetini kwamba uso wako hauna hisia hata moja, utamfuata aliyekuandika mpaka kwenye sanduku la kura?

Ushahidi haujifichi. Mwaka 1997 L.A. Confidential ilivishwa mataji na wahakiki karibu kila mahali, kisha Titanic ikaizamisha kwa Oscar 11. Mwaka 2010 The Social Network ikazoa New York, Los Angeles na National Board of Review, ikaongezewa na Golden Globe. Februari 2011 ikaja The King's Speech, kisa cha mfalme mwenye kigugumizi, ikaondoka na filamu bora. Manabii waliokuwa wakitiririka tangu Desemba, kigugumizi kikawahamia wao.

Lakini msimu ulionitoa jasho ni ule wa 2013, kwa sababu safari hiyo damu yetu ilikuwemo. Lupita Nyong'o alikuwa kwenye 12 Years a Slave, filamu iliyokwisha kupendwa na watazamaji wa tamasha la Toronto tangu Septemba. Tuzo za mapema zikaanza kutoka, kila mji na mchumba wake. National Board of Review wakaichagua Her. New York wakaichagua American Hustle. Los Angeles wakashindwa kuamua, wakaigawa kati ya Her na Gravity. Kwa mwigizaji msaidizi wa kike ikawa hivyohivyo: wa kwanza wakampa Octavia Spencer, wa pili Jennifer Lawrence, na Los Angeles peke yao ndio wakamkumbuka mtoto wetu.

Shemeji, muumini wa New York, akaja kunipa pole. Januari Golden Globe ikaenda kwa Lawrence, akaja tena na pole yake, mara hii na mkewe. Siku chache baadaye chama cha waigizaji wa Marekani kikampa Lupita. "Si nilikwambia?" Februari, BAFTA ya Waingereza ikaenda kwa Lawrence, naye shemeji akarudi alikotoka. Alihama kambi kuliko mheshimiwa yeyote kabla ya uchaguzi.

Jumatatu alfajiri ya Machi 3, 2014 kwa saa za kwetu, Lupita akaitwa jukwaani. 12 Years a Slave ikachukua filamu bora. American Hustle, kipenzi cha New York, ilikuwa imeteuliwa mara 10. Ikarudi nyumbani mikono mitupu. Simu ikalia kabla sijapiga mswaki. "Nilisema au sikusema?" Alisema, ningekataaje? Alisema yote.

Na hilo ndilo linalonikera. Anayetabiri kila kitu hakosei kamwe, ila sisi tunaomsikiliza tunaharibiwa filamu. Inapofika hapa Februari au Machi, imeshapanda, imeshashuka, imeshaitwa "haina nguvu tena" na watu ambao hawajaona hata bango lake. Unaketi sinemani, mwigizaji analia machozi ya kweli, na nyuma yako mtu ananong'ona kuwa kilio hicho hakitoshi kwa Oscar. Mimi nimelipa nilie, kumbe wenzangu wamekuja kusahihisha mtihani.

Unabii ninaouheshimu ni mmoja tu, wa Los Angeles Times. Zamani Academy iliyapa magazeti majina ya washindi mapema, kwa sharti yasiyatoe mpaka usiku. Mwaka 1940 gazeti hilo likayachapa kwenye toleo la jioni, wageni wakaingia ukumbini wakijua kuwa Gone with the Wind imeshinda. Mwaka uliofuata bahasha zilizofungwa zikaanza. Kwa hiyo waliojua kweli wakanyang'anywa karatasi, na wanaokisia wakaachiwa mdomo. Tena hata bahasha haimsaidii kila mtu: mwaka 2017 La La Land ilitangazwa, wenyewe wakapanda na kushukuru, ndipo ikagundulika kuwa iliyoshinda ni Moonlight.

Mwaka huu nimetunga sheria nyumbani kwangu: atakayemtaja mshindi kabla ya kuiona filamu atawanunulia wote nyama choma. Shemeji ameipokea kwa furaha iliyonitia wasiwasi. Ametabiri kuwa yeye atakuwa wa kwanza kuivunja, na kwamba nyama nitalipa mimi. Amekula kwangu miaka mingi. Angalau huo ni utabiri wa jambo aliloliona kwa macho yake.